Mgema Anayetoa Maji

Haya jamani, mwenzenu nimerudi. Najua nimekuwa kimya muda mrefu, na wapo walioniandikia kuuliza kama nimeacha kuandika hapa kibarazani au nimepewa cheo kule gazetini na sasa najisikia. Hakuna cheo. Nilikwenda Marekani kumtembelea dada yangu anayeishi Burlington, jimbo la Vermont, kule juu karibu na mpaka wa Kanada. Niliwaahidi baadhi yenu kwamba nikirudi nitaandika siasa zao. Badala yake nitaandika habari za ndoo. Ndoo, mirija, keekee na masinia ya kuchemshia. Nivumilieni tu.

Ilikuwa Machi 2024. Shemeji alinichukua kwa gari kwenda kununua mayai kwa mkulima mmoja nje kidogo ya mji. Njiani tukapita kwenye msitu wa miti isiyo na jani hata moja, mimi nikidhani imekufa yote (kumbe imelala tu), na kila mti umetundikwa ndoo ya bati yenye kifuniko. Miti minene ilikuwa na ndoo mbili mbili. Nikamwambia shemeji asimamishe gari. Nikashuka na viatu vyangu vya Kariakoo, theluji ikaniingia mpaka kwenye soksi, nikainua kifuniko cha ndoo ya kwanza. Ndani mlikuwa na maji maangavu kabisa, na juu yake kimrija cha chuma kilichopigiliwa kwenye mti kinadondosha. To… to… to…

Nikasema kwa sauti, "Mbeta!"

Shemeji ni mtu wa Tanga. Akaniuliza mbeta ndiyo mdudu gani.

Kwa wale ambao hamjafika Iringa, au mlifika mkaishia stendi, ngoja niwaeleze. Mlanzi ni aina ya mwanzi. Mvua zikianza na machipukizi mapya yakipanda, mgema hulikata chipukizi nchani na kufunga mbeta chini ya jeraha. Mbeta yenyewe ni kipande cha mwanzi kilichokatwa kwenye pingili ili kiwe na kitako. Utomvu unadondokea humo. Asubuhi na jioni mgema anazunguka, anamimina, anakwangua lile jeraha kwa kisu kikali, ubapa mwembamba tu ili lisizibe, anarudisha mbeta mahali pake. Ukinywa asubuhi ileile ni tamu kama togwa. Ikilala inachachuka yenyewe bila kutiwa kitu, na ikilala tena mtu anaweza kusahau njia ya kwake. Hiyo ndiyo ulanzi.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mgema wa ulanzi, Kilolo, miaka yote ninayoikumbuka. Na hilo nalisema hapa kwa mara ya kwanza. Nilipokuwa chuo kikuu niliwaambia wenzangu wa chumbani kwamba babu ana shamba la chai Mufindi. Kama mnasoma hapa, ndugu zangu, ile chai haikuwepo. Sehemu ya ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye mbeta.

Basi yule mkulima wa mayai kumbe ndiye mwenye zile ndoo. Mzee wa miaka 70 na ushee, mrefu, mikono mikubwa kama ya fundi chuma. Nilipomwambia babu yangu alikuwa anagema mianzi, hakucheka wala hakuonyesha ile adabu ya kizungu ya "oh, inapendeza sana". Aliuliza swali moja: "Alitoboa au alikata?" Nikajibu alikata. Akasema, "Hata sisi tulianza kwa kukata. Njoo."

Akatupeleka kwenye banda la sukari, ndivyo wanavyoliita, ambalo paa lake lina tundu kubwa la kutolea mvuke. Darini alikuwa amehifadhi vifaa vya baba yake, vya babu yake, na vingine ambavyo hata yeye alivinunua mnadani kwa sababu hakuvumilia kuona vinakwenda kuwa mapambo ya mgahawa. Nilikuwa na daftari mfukoni, si mnajua tena ugonjwa wetu. Nikaanza kuuliza.

Mti wenyewe unaitwa mepoli. Wa sukari, maana ipo mepoli ya namna nyingi. Utomvu wake usiufikirie kama ule wa fenesi unaonata vidoleni siku mbili. Ni maji. Ukionja unajiuliza kama kweli kuna utamu au umeambiwa tu upo. Sukari ndani yake ni kama asilimia 2, kwa hiyo ili upate lita 1 ya shira unachemsha lita 40 hivi. Na hautoki wakati wowote. Unatoka mwisho wa majira ya baridi, usiku ukiganda na mchana ukiyeyusha. Baridi ya usiku inaufanya mti uvute maji, joto la mchana linayasukuma nje kupitia jeraha lolote litakalokuwepo. Wiki 4 mpaka 6, basi. Vichipukizi vya majani vikianza kuvimba ladha inaharibika na kazi imekwisha hadi mwakani. Sisi tunangoja mvua, wao wanangoja theluji ichoke.

Kitu cha kwanza alichonionyesha hakikuwa kifaa, kilikuwa picha ya jeraha. Wenyeji wa asili wa nchi ile, Waabenaki upande wa Vermont, Wahaudenosaunee upande wa New York, Waanishinaabe kwenye Maziwa Makuu, walichanja gome kwa shoka mchoro wa mshazari au wa herufi V, wakapachika chini yake kipande cha gome au cha mti ili maji yafuate njia, na chini wakaweka chombo cha gome la mti wa bechi. Waanishinaabe wanakiita chombo hicho makak. Kinakunjwa, kinashonwa, mishono inazibwa kwa utomvu wa msonobari. Kinabeba maji, na sukari ikiwa tayari kinaihifadhi mwaka mzima. Kuchemsha walichemsha kwa kudumbukiza mawe yaliyookwa motoni ndani ya magogo yaliyochongwa kama mtumbwi. Njia nyingine ilikuwa kuacha baridi ifanye kazi: maji yanaganda usiku, asubuhi unatupa barafu, sukari inabaki kwenye kile ambacho hakikuganda. Hapo nilimwambia shemeji kwamba hiyo ni kemia ya kidato cha pili na mimi niliifeli.

Kuna jambo lilinikera nilipokwenda kusoma baadaye. Kwa miaka mingi wapo wasomi walioandika kwamba wenyeji hawakuweza kutengeneza sukari mpaka walipopata vyungu vya chuma na shaba kutoka kwa wafanyabiashara wa Ulaya. Waanishinaabe wana neno lao la sukari, ziinzibaakwad, wana mwezi mzima wa Aprili uliopewa jina la kuchemsha utomvu, wana masimulizi ya mababu wakiwa msituni kwenye kazi hiyo. Lakini masimulizi hayakuhesabiwa kuwa ushahidi, na gome la bechi halikai ardhini miaka 500 likingoja mchimbaji wa mambo ya kale. Chungu cha chuma kinakaa. Kwa hiyo chungu cha chuma ndicho kilichoingia kwenye vitabu.

Baada ya hapo darini vilifuata vyungu vyenyewe. Vizito! Walowezi walivining'iniza vitatu kwa mstari juu ya moto: kikubwa, cha kati, kidogo. Maji yanaanza kwenye kikubwa, yakipungua yanahamishwa kwa upawa kwenda kinachofuata, mpaka kwenye kidogo yanakuwa mazito. Kazi ya nje, kwenye upepo, majivu na majani yakidondokea ndani, na siku ukisinzia sukari inaungua. Mwanzoni nao waliiga kuchanja kwa shoka. Baadaye wakaona jeraha kubwa linauchosha mti, wakahamia kwenye keekee. Mzee alinipa niishike moja, mpini wake wa mti umelainika kama sabuni kwa kushikwa. Tundu linatobolewa sentimita chache tu ndani ya mti, halafu unapigilia mrija. Mirija ya zamani ilikuwa ya vijiti vya mti uitwao sumaki, ambao kiini chake ni laini, unakisukuma kwa waya wa moto kinatoka chote. Nikaupuliza mmoja. Ulipita upepo safi.

Ndoo za mbao zilichongwa na mafundi wa mapipa, vibao vimeshikwa kwa pete, ubao mmoja umezidi urefu na una tundu la kutundikia. Kabla ya hizo walitumia vihori vya magogo vilivyowekwa chini penye theluji. Kubeba walibeba kwa mzegazega, ubao uliochongwa kufuata mabega, ndoo mbili kushoto na kulia. Mzee aliniwekea begani. Ulinikaa sawasawa, na dada akanipiga picha ambayo sitaiweka hapa kwa sababu nimefunga mtandio wake kichwani kwa ajili ya baridi. Kisha wakaja ng'ombe na farasi wakivuta pipa kubwa juu ya gari la kuteleza kwenye theluji.

Mapinduzi yenyewe ni sinia. Chungu kina tumbo kubwa na mdomo mdogo, mvuke unatoka polepole. Sinia ni bapa, moto unaligusa chini kote na mvuke unatoka juu kote. Mwaka 1858 bwana mmoja wa Ohio aitwaye D. M. Cook alipata hataza ya sinia lenye kuta ndani yake, maji yanaingia upande huu yakiwa membamba, yanazunguka kona baada ya kona kama mtu anayetafuta ofisi wizarani, na yanatokea upande wa pili yakiwa shira. Sinia hilo lilianzia kwenye shira ya mtama mtamu, watu wa mepoli wakalichukua. Miaka ya 1860 ikaja mirija ya chuma yenye kiopoo cha kutundikia ndoo, kisha ndoo za bati, kisha mikopo ya bati ya kuuzia. Sukari ya miwa iliposhuka bei, hapakuwa tena na sababu ya kuchemsha mpaka ugumu, wakaanza kuuza shira. Kwa hiyo hiki kitu cha chupa wanachomwagia chapati zao nene asubuhi ni kigeni kwenye historia. Kitu cha asili kilikuwa sukari ya mabonge.

Mzee alikuwa na kipande cha mafuta ya nguruwe kinaning'inia kwenye uzi juu ya sinia. Nikadhani ni chakula cha mchana. Kumbe povu likipanda mpaka kukigusa, linanywea. Siku hizi wengi wanadondosha tone la siagi, lakini yeye babu yake alitundika nyama, naye anatundika nyama. Shira inaiva ikipita kiwango cha maji kuchemka kwa nyuzi 4 hivi za Selsiasi. Ana kipimajoto, ana haidromita, na bado anachota kwa upawa na kuangalia inavyodondoka. Ikidondoka matone, bado. Ikishuka kama pazia, toa.

Ndipo nikamwambia methali yetu, kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilimtafsiria kwa shida. Akafikiri kidogo, akasema yeye amefanya kazi miaka 50 ya kuyatoa.

Hapo kuna jambo la pembeni lazima niliseme. Nilimuuliza kwa nini watu wajisumbue na lita 40 kwa lita 1 wakati sukari ya miwa ilikuwepo. Akaniambia mababu zake walijivunia kwamba sukari yao haikuwa na jasho la mtumwa. Nikaenda kuchimba, na ni kweli hoja hiyo ilikuwepo. Mwaka 1791 daktari wa Philadelphia, Benjamin Rush, aliandika kwa Thomas Jefferson akieleza sifa za mepoli, na miongoni mwake kwamba inaweza kuipunguzia soko sukari ya watumwa wa visiwa vya Karibea. Jefferson alipenda wazo, akapanda miti ya mepoli shambani kwake Monticello. Haikufanikiwa. Na shamba lenyewe lililimwa na watumwa. Katika maisha yake alimiliki zaidi ya watu 600. Mimi nilisoma hayo nikikumbuka Kilwa. Mwaka 1776, miaka 15 tu kabla ya barua ile, Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa vya Bahari ya Hindi, Mauritius ya leo ikiwemo. Mashamba ya miwa yalikuwa huko pia. Kwa hiyo yule mlowezi aliyesimama kwenye theluji akikoroga chungu, awe alijua au hakujua, alikuwa kwenye habari moja na sisi.

Ya kisasa nitayapita haraka. Mwaka 1959 Nelson Griggs wa Vermont alipata hataza ya mirija ya plastiki inayounganisha mti na mti mpaka bandani, na miaka ya 1970 zikaja mashine zinazochuja maji kwa shinikizo kabla hata ya kuwasha moto. Ukiingia kwenye misitu mikubwa leo unakuta nyaya za plastiki kama wodi ya wagonjwa mahututi. Quebec peke yake inatoa zaidi ya nusu ya shira yote ya mepoli duniani na ina ghala la akiba, ambako kati ya 2011 na 2012 waliibwa tani karibu 3,000, thamani ya dola za Kanada milioni 18. Wezi wa shira! Mhariri wangu angelia kwa furaha. Mzee wangu naye ana plastiki sehemu kubwa ya msitu wake. Ndoo za barabarani anazitundika kwa sababu ya baba yake, na za zamani sana hazitumii kabisa, maana zimeunganishwa kwa risasi na sumu yake inaingia kwenye utomvu. Hizo zimekaa darini. Lakini zimekaa.

Usiku ule kwa dada nilifungua daftari nikahesabu. Kurasa 11. Nilikuwa nimemuuliza mgeni kina cha tundu, upana wa mrija, mti wa mpini, jina la kila kitu. Nikajaribu kukumbuka niliwahi kumuuliza babu swali gani kuhusu kazi yake. Sikupata hata moja.

Na si kwamba sikuwahi kuandika habari za ulanzi. Niliandika. Mwaka wangu wa kwanza kazini, mwaka 2021, nilitumwa kuandika habari ya vilabu vya pombe za kienyeji kufungwa katika wilaya moja. Gazeti silitaji, na hata hivyo kosa lilikuwa langu. Nilimnukuu ofisa, nikamnukuu mganga, nikamnukuu mama mmoja aliyelalamikia mumewe. Ilitoka ukurasa wa 5 na jina langu juu. Nikaenda nyumbani likizo na gazeti mkononi, binamu yangu akamsomea babu kwa sauti, nikiwa nimekaa palepale najiona mtu. Babu alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Na wagema, walisema nini?"

Nikamwambia nafasi haikutosha. Akaitikia, "Haya." Kesho yake alfajiri nilimsikia akitoka na mbeta zake kama kawaida.

Alifariki Julai 2022. Kwenye msiba kuni ziliisha siku ya pili, watu walikuwa wengi na ni baridi Kilolo mwezi wa saba. Mtu akaja kuniuliza, mimi msomi wa ukoo, kama zile mbeta zilizopangwa nyuma ya jiko zinaweza kuchomwa. Zilikuwa kavu, rundo zima, nyingine zimekuwa nyeusi kwa uzee. Nilikuwa kwenye simu napanga usafiri wa wageni wa kutoka Dar. Nikasema chomeni. Mwanzi ukiungua unalipuka, pa, pa, pa, watoto wakawa wanacheka.

Niliporudi nchini nilimpigia baba mdogo. Shikamoo, marahaba, habari za Ulaya (nilishindwa kumsahihisha), kisha nikamuuliza kama kuna kifaa chochote cha mzee kilichobaki. Akanyamaza kidogo. Akasema kisu kipo, anakatia majani ya ng'ombe, mpini ameubadilisha. Na mbeta? Mbeta ziliungua zote msibani, akasema, wewe si ulikuwepo?

Nikamuuliza kama anajua babu alivyokuwa anakata, ubapa mnene kiasi gani, na alijuaje chipukizi limefika. Akasema anajua, amekwenda naye tangu mtoto, lakini hayo si ya kuelezwa kwenye simu, tena yupo kwenye foleni ya mbolea. Akasema milanzi ipo palepale, inakatwa na wapita njia. Mvua zikianza, niende. Nichukue likizo ya wiki mbili, siyo siku tatu kama ninavyofanya, na nije na viatu vya maana.

Nimekwisha peleka barua ya likizo. Mhariri ameuliza kama kuna habari huko, nikamwambia sijui bado.